Mwenda Tezi na Omo: Juu ya Kuyakimbia Maisha ya Kila Siku

Vijana wetu wa siku hizi wamepata neno lao. Ukimwuliza kijana aliyemaliza shule anafanya nini, atakujibu kuwa bado anajitafuta. Ukiuliza habari za mwenzake aliyejenga nyumba au aliyenunua gari, utaambiwa kuwa huyo amejipata. Neno lenyewe husemwa kwa mzaha, na wasemao hawana nia mbaya. Lakini neno likishaenea nchi nzima huwa limebeba fikra, na fikra hiyo yatupasa kuichunguza. Hutafutwa kilichopotea. Basi sisi twauliza: ni nani aliyempoteza kijana huyu, naye alipotelea wapi, hata asijione mahali alipo?

Kwa upande mwingine wako wasomi wanaolisema jambo hilo hilo kwa maneno mazito zaidi. Wao hudai kuwa shughuli za kila siku, yaani kuamka alfajiri, kulima, kuchota maji, kusahihisha madaftari na kusubiri basi kituoni, ni kama vumbi lililoyafunika maisha yenyewe. Husema kuwa mtu anayetaka kuijua maana ya kuishi hana budi kuondoka, aende kileleni mwa mlima, au pwani isiyo na watu, au katika miji ya ng'ambo, au ajifungie chumbani peke yake. Neno la kijiweni na neno la vitabuni, ijapokuwa hayafanani kwa sauti, yana mzizi mmoja: kwamba maisha ya kweli yako kwingine, na kwamba hapa tulipo ni mahali pa kupita tu.

Makala hii imekusudiwa kuipinga fikra hiyo. Hatupingi mapumziko, wala safari, wala sala ya faragha. Tunapinga kufundishwa kwamba kazi inayoulisha mwili haiwezi kuilisha roho. Na tunaipinga kwa sababu mbili. Kwanza ni uongo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuyakimbia maisha ya kila siku bila kubebwa na maisha ya kila siku ya mtu mwingine. Pili ni uongo wenye madhara, kwa kuwa huwafanya watoto wetu wawadharau watu wale wale wanaowabeba.

Mlima na Mzigo

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, nao ndio mrefu kuliko yote katika Afrika. Kila mwaka maelfu ya watu kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko huja kuupanda, na siku hizi Watanzania wenye nafasi nao wamo. Wengi hawaji kutazama theluji peke yake. Ukiwasikiliza, na ukiyasoma wanayoyaandika baada ya kurudi kwao, utaona kuwa wameletwa na jambo zito zaidi. Mmoja ameichoka ofisi. Mwingine ameachana na mwenzi wake. Mwingine amestaafu na hajui tena asubuhi ni ya nini. Wameambiwa, nao wameamini, kwamba huko juu penye hewa nyembamba na ukimya watakutana na nafsi zao.

Hatuwacheki. Huzuni ya mtu haichekwi, na mgeni ana haki zake. Lakini hebu tuutazame msafara wenyewe unavyopanda. Mgeni huenda akiwa na mfuko mdogo mgongoni wenye maji, koti la mvua na kamera. Anahimizwa aende pole pole, asije akaugua kwa ajili ya kimo. Punde si punde wampita wapagazi. Hao hawaendi pole pole. Kila mmoja wao ana mzigo wa kilo 20 hivi kichwani au begani: mahema, mitungi ya gesi, meza na viti, viazi na mayai, hata choo cha kubebea. Hawana budi kufika kambini kabla ya mgeni, wasimike hema, wachote maji na kuwasha moto, ili yeye akifika akute chai imekwisha kuiva. Usiku ule mgeni hufungua daftari lake akaandika kuwa leo ameyaacha mambo ya dunia. Lakini mambo ya dunia hayakuachwa. Yalibebwa, nayo yamelala katika hema la pili, yakingojea alfajiri yachemshe maji tena.

Hapo ndipo ulipo uongo wa fikra tunayoipinga. Mtu akisema ameyaacha maisha ya kila siku, maana yake ni kwamba amemkabidhi mtu mwingine. Hata mtawa aishiye pangoni, akiwa anakula mkate, kuna mtu aliyelima ngano. Kula, kulala, kufua, kuuguza na kuzika havina likizo. Vikimwondokea mmoja, humwangukia mwenzake. Basi kila tunapoonyeshwa picha ya mtu aliyekaa peke yake juu ya jiwe akitazama mawingu, na tuulize kwanza ni nani aliyeishika kamera, na ni nani aliyemletea maji.

Kwa mpagazi, mlima ule si mahali pa kuitafuta maana ya maisha, bali ni mahali pa kutafuta unga, sare na madaftari ya watoto. Na bado twaamini kuwa tukimwuliza, huenda akatueleza maana hiyo kwa ufasaha kuliko mteja wake. Kwani mzigo wake anaujua: unakwenda wapi, ni kwa ajili ya nani, na nani atakula kwa huo. Asichokijua, au tuseme alichonyimwa, ni malipo yanayolingana na jasho lake pamoja na heshima ya kutajwa jina. Hilo ni jambo la haki, nalo tutalirudia.

Tena mlima huo huo una maana nyingine kwa wakazi wa mitelemko yake. Wachagga kwa vizazi vingi wamechimba mifongo, yaani mifereji ya kuyaongoza maji ya vijito hadi vihambani, kwenye migomba na, baadaye, kwenye mibuni. Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja, wala hautunzwi na mtu mmoja. Una wenyewe, una zamu zake za maji, una siku za kuuzibua, na asiyetokea siku ya kazi hana uso wa kudai maji siku ya zamu. Mtu wa huko hakupata kuhitaji kupanda hadi kileleni ili mlima uwe na maana kwake. Maana ilishuka yenyewe hadi mlangoni, pamoja na maji, kwa njia iliyochimbwa na majirani.

Tukikumbuka historia, twaona jambo la kustaajabisha. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika katika kilele cha juu kabisa. Meyer akakiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mtu alisafiri kutoka kwao, akavuka bahari, nyika, msitu na barafu. Na alipofika mahali pa juu kuliko pote, hakuona neno la kusema ila jina la bwana aliyemwacha nyumbani. Mtu huchukua alichonacho. Akienda na ukoloni moyoni, ataukuta hata juu ya theluji. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye watu wa kwao humkumbuka kuwa ndiye aliyeongoza njia, alikaa miaka mingi bila kutajwa vitabuni. Na waliobeba mizigo ya msafara ule, ni wasomaji wachache sana wawezao kutaja jina la hata mmoja wao.

Waliokwenda na Waliorudi

Hatutaki kudhaniwa kuwa tunawasema wageni wapanda mlima peke yao. Fikra hii ina wazee wake, na baadhi yao ni watu wenye sifa kubwa duniani. Tutaje wawili.

Wa kwanza ni mchoraji wa Kifaransa, Paul Gauguin. Mwaka 1891 aliiacha Ulaya akaenda kisiwa cha Tahiti, akisema kuwa ameuchoka ustaarabu na anatafuta maisha safi yasiyo na unafiki. Nyuma yake aliacha mke na watoto watano, ambao malezi yao yalimwangukia mama. Na Tahiti yenyewe haikuwa bustani ya peponi: ilikuwa koloni la Ufaransa tangu mwaka 1880, yenye gavana, polisi na kodi. Huko Gauguin alikaa na mabinti wa umri wa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, akiwaita wake zake. Jambo ambalo kwao alikotoka lingeitwa aibu, lakini koloni lilimruhusu. Mwaka 1897 alianza mchoro wake mkubwa unaouliza tumetoka wapi, sisi ni nani, na tunakwenda wapi. Mchoro huo ni kazi ya mkono hodari, na maswali yake ni maswali ya wanadamu wote. Lakini sisi twaona kuwa swali la kwanza, kabla ya hayo matatu, lilipaswa kuwa hili: nani anawalisha watoto wangu leo? Asiyelijibu hilo, hata akiuliza maswali ya mbinguni, anayauliza akiwa amesimama juu ya mgongo wa mwingine.

Wa pili ni mwandishi wa Marekani, Henry David Thoreau. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia katika kibanda alichojijengea kando ya ziwa dogo liitwalo Walden, karibu na mji wa Concord, akakaa huko miaka miwili na miezi miwili. Alilima maharage, akasoma, akatafakari. Wengi humtaja kuwa ni shahidi mkuu wa wale wasemao kuwa maana hupatikana kwa kuondoka. Lakini na tumsome vizuri. Ardhi aliyoishi ilikuwa ya rafiki yake Emerson. Mji ulikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu, naye aliuendea mara kwa mara. Mwezi Julai 1846 alikwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi. Njiani akakamatwa kwa kuwa alikuwa hajalipa kodi ya kichwa, kodi ambayo hakutaka kuilipa kwa serikali iliyoulinda utumwa na iliyokuwa ikipigana na Mexico. Akalala gerezani usiku mmoja. Kutokana na usiku huo aliandika hoja yake ya kukataa kuitii dhuluma, hoja ambayo baadaye ilimpa nguvu Gandhi na wapigania haki wengi. Basi tazameni: jambo kubwa kuliko yote alilowaachia wanyonge wa dunia halikutoka katika ukimya wa ziwa peke yake. Lilizaliwa siku aliyokwenda kwa fundi viatu, katika njia ya kila siku, alipokutana uso kwa uso na kodi na dola. Na mwezi Septemba 1847 alikiacha kibanda, akarudi mjini kuishi na watu.

Hapo pana tofauti kubwa. Wote wawili waliondoka. Mmoja aliondoka akawaachia wengine mzigo wake. Mwingine aliondoka, akabeba mzigo wake mwenyewe kwa kadiri alivyoweza, kisha akarudi na kitu cha kuwapa wenzake.

Desturi ya Kutoka na Kurejea

Kuna watakaosema kuwa sisi tunataka kumfunga mtu shambani kama ng'ombe, asipate hata siku moja ya kuinua macho. Hao hawaujui utamaduni wa nchi hii. Mababu zetu waliijua sana haja ya kutoka. Waliijua kuliko wauza safari wa leo, kwa kuwa waliipangia utaratibu.

Chukueni mfano wa jando na unyago, kama zilivyokuwa kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wazaramo na makabila mengine mengi. Kijana alitolewa katika nyumba ya mama yake, katika kazi na michezo aliyoizoea, akapelekwa kumbini. Huko hakuwa mtoto tena wala hakuwa bado mtu mzima. Alifundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa maumivu kuwa yeye ni nani, amezaliwa na nani, na atadaiwa nini. Hayo ni maswali yale yale ya mchoro wa Tahiti. Lakini kumbi ilikuwa na mambo ambayo safari za siku hizi hazina. Ilikuwa na muda maalumu. Ilikuwa na somo au kungwi, mtu mzima mwenye dhamana, ambaye naye aliwahi kupita pale pale. Tena ilikuwa na siku ya kutoka, siku ya ngoma, ambapo kijiji kizima kilijipanga njiani kumpokea aliyerudi, na kuanzia siku hiyo alihesabiwa katika kazi za watu wazima. Asingeweza kusema, "Nimejipata, sasa niacheni." Waliompeleka ndio waliomdai.

Hatusemi kuwa kila lililofanyika kumbini lilikuwa jema, wala hatutaki lirudishwe jinsi lilivyokuwa. Binti anayetolewa darasani na kuozwa angali mtoto hadhulumiwi kidogo kwa sababu tu dhuluma hiyo imechezewa ngoma. Utamaduni ulio hai huchagua. Tunalolichagua hapa ni kanuni moja: kwamba kutoka ni kwa ajili ya kurejea.

Kanuni hiyo haimo katika mila peke yake. Waislamu wana itikafu, ambapo mwumini huyaacha masoko na nyumba yake akakaa msikitini, hasa katika siku kumi za mwisho za Ramadhani. Kisha idi ikaingia, na kabla ya sala ya idi humpasa kutoa zaka ya fitiri ili maskini naye ale. Mtume Muhammad alikuwa akienda pangoni Hira kutafakari; lakini ujumbe ulipomjia hakubaki pangoni, alishuka akarudi kwa mkewe Khadija na kwa watu wa Makka, wenye biashara zao na ugomvi wao. Wakristo nao husoma kuwa Yesu alikaa jangwani siku arobaini, kisha akaja kuishi miongoni mwa wavuvi, wagonjwa na watoza ushuru. Jangwa na pango vilikuwa mlango. Hakuna mwenye akili ahamiaye mlangoni.

Na katika siasa ya nchi yetu tunao mfano ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua. Mwezi Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Julius Nyerere aliuacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Wako waliostaajabu, wakidhani amechoka. Hakuchoka, wala hakwenda kutafuta utulivu. Alitoka ofisini ili awarudie wanachama wa TANU na wananchi vijijini, akijenge chama na kulifafanua upya kusudi la uhuru. Mwezi Desemba mwaka ule ule alirejea akiwa Rais wa Jamhuri. Mtu anaweza kutoka katika kazi kwa sababu anaipenda kazi hiyo.

Wahenga wetu wa pwani walikwisha kulisema hilo kwa lugha ya vyombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia huweza kwenda nyuma ya chombo na mbele ya chombo, akatazama maji na nyota apendavyo. Lakini kuna ngama, mle chini mnamojikusanya maji yanayovuja, ambamo hana budi kurudi kuyafua. Wote wakikaa omo kutazama nyota, chombo kitazama nao, nyota zikiwa zinang'aa vile vile.

Jibu kwa Wanaopinga

Sasa tuikabili hoja yenye nguvu zaidi ya wapinzani wetu. Watasema: "Ninyi mnaisifu kazi ya kila siku kwa sababu hamuifanyi. Mwulizeni mama atembeaye saa mbili kwenda kisimani na saa mbili kurudi kama anaona maana yoyote katika ndoo. Mwulizeni kibarua wa shamba la mtu. Kazi hiyo inachosha, inapumbaza, inaua. Mtu akiikimbia ana haki."

Hoja hiyo hatuipuuzi. Kwa kweli ndiyo inayotuongoza. Ni kweli kuwa maisha ya kila siku ya watu wetu wengi ni mazito mno. Lakini tuulize uzito huo umetoka wapi. Mwendo wa saa nne kwa ajili ya ndoo moja haukuandikwa mbinguni. Ni ukosefu wa bomba. Mpagazi kulipwa kidogo si sheria ya mlima. Ni mapatano kati ya mwenye nguvu na mnyonge. Panapokosekana haki, kazi hupoteza maana yake, kwa kuwa mtu haoni tena uhusiano kati ya jasho lake na uhai wa nyumba yake. Basi dawa ya kazi isiyo na maana ni kuirudishia haki. Kuikimbia si dawa, maana akimbiaye humwacha mama yule yule na ndoo ile ile, tena akiwa amepungukiwa na msaidizi mmoja.

Tena tugundue jambo moja: mama huyo, ambaye ana sababu nyingi kuliko sote za kukimbia, ndiye asiyekimbia. Wanaohubiri kukimbia mara nyingi ni wenye nauli. Fikra hii ya kuutafuta utu mbali na kazi ni fikra ya mabwanyenye waliokwisha kupata watu wa kuwafanyia kazi, kisha wakashangaa kwa nini siku zao ni tupu. Wamejiondolea mizigo, na pamoja na mizigo wamejiondolea watu. Maana ya maisha tangu zamani inatokana na kudaiwa na wenzako na kuwadai. Asiyedaiwa na mtu yeyote ni mwepesi, ndiyo. Lakini hata kapi ni jepesi, na hupeperushwa na upepo wowote.

Waandishi wetu wamekwisha kuuona ugonjwa huu. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake ya *Kichwamaji* iliyotoka mwaka 1974, alimchora Kazimoto, kijana wa chuo kikuu anayerudi kwao akiwa msomi na mgeni kwa wakati mmoja. Kazimoto anaijadili maana ya maisha kwa akili kali, lakini akili hiyo haimfungi na mtu yeyote, na mwisho wake ni kujiua. Wako wahakiki waliomlaumu mwandishi kuwa amewakatisha vijana tamaa. Sisi hatumlaumu. Mganga aonyeshaye jipu hakulileta yeye. La kujiuliza ni wapi kijana huyo alipofundishwa kuwa mgeni kwao. Na swali hilo latupeleka mahali ambapo sisi walimu hatupendi kutazama.

Jembe la Adhabu

Mwezi Machi 1967 ilitolewa *Elimu ya Kujitegemea*. Andiko hilo lilieleza waziwazi kuwa shule tulizozirithi zilimtenga mtoto na jamii yake, zikamfundisha kuwa kusoma ni kuondoka. Likataka shule iwe pia shamba na karakana, ili mwanafunzi ajifunze kwamba akili na mikono ni ndugu. Ni fikra njema. Lakini tumeitekelezaje?

Sote tuliopita katika shule hizo tunajua. Mwanafunzi aliyechelewa namba alipewa kipande alime. Aliyepiga kelele darasani, kipande. Aliyeshindwa hesabu, kipande. Aliyefanya vizuri aliachwa akae kivulini na kitabu. Basi kwa miaka mingi tulisimama ubaoni tukifundisha kuwa kazi ni uhai, kisha tukatoka nje tukatumia jembe lile lile la baba yake kuwa fimbo ya kumpigia. Mtoto huamini tunalolitenda. Tulimfundisha kwamba kulima ni adhabu ya wapumbavu, na kwamba mama na baba yake, wanaolima kila siku, wanatumikia kifungo. Je, tustaajabu kwamba siku ya kwanza baada ya mtihani hukimbia? Je, tustaajabu kwamba kijana huyo, akiwa mjini na bidhaa mkononi, asema bado anajitafuta? Tulimpoteza sisi.

Kosa hili laweza kusahihishwa, wala halihitaji fedha za kigeni. Mwalimu aweza, kuanzia Jumatatu ijayo, kuacha kulitumia jembe kuwa adhabu. Aweza kushika jembe yeye mwenyewe mbele ya wanafunzi, si kwa maonyesho ya siku ya mgeni rasmi, bali kila zamu. Aweza kumwalika mkulima, mfua chuma, mkunga au mpagazi aje darasani kueleza kazi yake, na wanafunzi waandike insha juu ya alichosema kama wanavyoandika juu ya maneno ya mshairi. Aweza kuwaambia wanafunzi waandike, kwa siku moja tu, orodha ya watu wote waliofanya kazi ili wao wapate kuketi darasani siku hiyo: aliyechota maji, aliyepika uji, aliyeendesha basi, aliyefyatua tofali, aliyeshona sare. Orodha itakuwa ndefu. Mtoto akiimaliza, akiona jina la nani halimo, atakuta kuwa lisilomo ni lake. Hapo ndipo pa kumwuliza: na wewe, utaingia katika orodha ya nani? Swali hilo tu latosha kuwa mwanzo wa falsafa.

Waliopanda na Kushuka

Tumalizie pale tulipoanzia, mlimani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa katika kilele kile kilichopewa jina la Kaiser, akiusimika mwenge na bendera ya taifa jipya. Kilele kikaitwa Uhuru. Yeye naye alipanda. Yeye naye alikuta baridi, hewa nyembamba na ukimya. Lakini hakupanda kuitafuta nafsi yake. Alikuwa ametumwa. Mwenge ule uliwashwa juu ili uonekane na walio chini, na walio nje ya mipaka ambao walikuwa bado katika minyororo. Alipokwisha kuuweka, alishuka.

Na tangu mwaka 1964 mwenge huo umekuwa ukikimbizwa nchini kote, ukipita shule kwa shule na kijiji kwa kijiji. Mwanga uliowashwa kileleni umeshuka penye zahanati, penye kisima na penye daraja. Na pale unapokuta kazi iliyofanywa vibaya, wakazi wana haki ya kuona kasoro hiyo ikimulikwa. Kama mwenge ungebaki kileleni peke yake, ungekuwa pambo la mawingu.

Basi tunawaambia vijana wetu: pandeni. Someni vitabu vya mbali, vukeni bahari, kaeni kimya mkiwa na haja ya kukaa kimya. Hakuna atakayewazuia, na akiwazuia atakuwa amekosa. Ila kabla ya kuondoka, mjue ni nani atakayechota maji mkiwa hampo. Na mkiwa njiani, mjifunze jina la anayewabebea mzigo. Na mkishaona mlichokwenda kukiona, mrudi mtueleze, maana sisi tuliobaki tukiyafua maji ya ngama tulikuwa tunawangojea, na zamu yenu imefika.